Kuhesabu nyutroni za leza

Mdogo wangu, umeuliza kwanini osiloskopu (kile kifaa kinachochora umeme kadri muda unavyokwenda) inakuonyesha mlima mmoja mkubwa leza ikipiga shabaha kutoa nyutroni, na nyutroni utazijuaje. Huo mlima wa kwanza ni gama, miale inayokwenda kwa kasi ya mwanga. Sintileta ya plastiki ya kawaida, yaani plastiki inayotoa mwanga ikipigwa na miale, haikutofautishii gama na nyutroni kwa umbo la palsi (mpigo wa umeme), kinachokusaidia ni muda. Ni kama bodaboda na daladala zimetoka Mwenge pamoja na foleni ile, nani anafika Posta kwanza ushajua. Weka sintileta mita 3 toka kwenye shabaha, gama inafika ndani ya nanosekunde 10, nyutroni inayotoka deuteriamu (hidrojeni nzito) ikiungana na deuteriamu, yenye nishati ya MeV 2.45, inafika kwenye 140 hivi, kwahiyo angalia hapo. Tatizo gama zikiwa nyingi zinaizidi nguvu fotomaltiplaya (kifaa kinachogeuza mwanga wa sintileta kuwa umeme), inabaki imelewa mpaka nyutroni zinapita haijakaa sawa, ndo maana watu wanaweka madini ya risasi (lead) mbele, yapunguze gama.

Kuhesabu sasa. Usihesabu palsi mojamoja, zikija kwa pamoja zinapandana na utapata namba ndogo kuliko ukweli. Jumlisha chaji yote ya kile kilima cha pili, gawa kwa wastani wa chaji ya nyutroni moja uliyoipima ukiwa mbali sana, kule ambako mapigo mengi ya leza hayakupi hata palsi moja. Halafu ndo urekebishe kwa ufanisi na umbali.

Na kagua tepu nyeusi inayozuia mwanga wa nje kwenye kona za plastiki, mimi katundu ka sindano tu kalinilia siku nzima.