Kuhesabu gesi joto za hoteli Lamu: anza stoo ya mafuta

Ukipewa kazi ya kuandaa ripoti ya gesi joto (gesi zinazoongeza joto duniani, kama kaboni dioksidi) ya hoteli Shela au mjini Lamu, usikimbilie kompyuta. Nenda stoo ya mafuta. Ripoti nyingi huharibikia hapo, kwa sababu daftari limeandikwa shilingi badala ya lita.

Kinachochomwa ni lita. Lita 1 ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, ya petroli kama kilo 2.3. Risiti ikiwa na shilingi tu, gawanya kwa bei ya mwezi husika ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini. Bei hizo hubadilika tarehe 15 ya kila mwezi. Tahadhari na petroli ya boti: ya madumu huuzwa ghali kuliko ya pampu, hivyo ukitumia bei ya pampu utapata lita ambazo hazikuwahi kuwepo. Muulize nahodha dumu lina lita ngapi na alilinunua kwa bei gani. Kisha chukua mafuta ya mwanzo wa mwaka, jumlisha yaliyonunuliwa, toa yaliyobaki.

Ripoti hugawanywa mafungu matatu. Boti ya hoteli yenyewe na jenereta huingia Fungu la 1 (gesi zinazotoka kwenye vitu vya hoteli), umeme wa kununua Fungu la 2. Boti ya kukodi pamoja na nahodha wake ni Fungu la 3 (gesi za wengine wanaoihudumia hoteli). Amueni mipaka hiyo mapema na muiandike, la sivyo mwaka ujao mwenzako atahesabu vingine na tarakimu hazitalinganishika.

Kwenye umeme, soma mita tarehe 31 Desemba. Tokeni iliyonunuliwa mwezi huo huenda ikatumika Januari. Tumia kigezo cha gridi ya Kenya, yaani kilo za kaboni dioksidi kwa kila uniti ya umeme. Umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo kunakili kigezo cha nchi nyingine ni kosa kubwa.

Sasa eyasii, ambazo wageni wa kazi hii huzisahau kabisa. Chumvi ya bahari hula mabomba, gesi huvuja, fundi huongeza. Kilo 1 ya R-410A, gesi ya eyasii nyingi, huongeza joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi kwa vigezo vya ripoti ya nne ya IPCC (jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa), sawa na kuchoma lita 780 hivi za dizeli! Mwambie fundi apime mtungi kabla na baada ya kujaza, na aandike aina ya gesi kwenye risiti. Ikiwa ni R-22, gesi ya eyasii za zamani, iripoti kando, nje ya mafungu.

Mkaa wa jikoni nao una utaratibu wake: kaboni dioksidi yake huandikwa kando, lakini methani na oksidi ya nitrasi hubaki Fungu la 1.