Jibu: Mshtarii inachezacheza kwenye darubini ya 10x50

Uliuliza kama darubini yako ya macho mawili ni mbovu, kwa kuwa sayari ya Mshtarii inachezacheza ukiitazama. Darubini ni nzima; 10x50 maana yake inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Ukikuza mara 10, mtetemo wa mikono nao unakuzwa mara 10, ndiyo maana Mshtarii inachezacheza na miezi yake huioni. Funga darubini kwenye stendi ya kamera, au lala chali na viwiko uvibane kifuani.

Kisha rekebisha upande kwa upande: ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati hadi nyota iwe nukta kwa jicho la kushoto, ziba ya kushoto, sasa zungusha pete ya jicho la kulia tu, gurudumu usiliguse. Wengi hukosea hapo. Miezi minne mikubwa itatokea kama vinukta vilivyojipanga kwenye mstari mmoja, ingawa mara nyingine mmoja hujificha. Pete za sayari ya Zohali usizitarajie, zinataka ukuzaji wa kama mara 25.

Desemba hadi Februari tafuta kundi la nyota la Kilimia, na nebula (wingu la gesi na vumbi) ya kundi la nyota la Orion, karibu na zile nyota tatu za mshipi wake: ukungu wa kijivu, si rangi za pichani. Juni hadi Agosti, tafuta kundi la nyota la Nge. Macho yakae gizani dakika 20 kwanza, simu mfukoni.