Kisanduku kilichofichwa mlimani: rudi kwenye ule mwamba

Unacheza letterboxing, mchezo wa kufuata fumbo hadi kwenye kisanduku kilichofichwa chenye muhuri na daftari, na fumbo lako linasema kiko hatua 40 baada ya mwamba uliopasuka, lakini hukukiona. Pole, kukikosa hivyo kunamtokea kila mtu. Shida iko kwenye hizo hatua. Ukipanda mlima hatua inafupika, kwa hiyo 40 zako pengine ni 30 za aliyeandika fumbo. Rudi kwenye mwamba, shika dira mbali na simu (simu huivuta sindano), hesabu zile 40 upya, kisha endelea mbele hatua kama kumi na tatu zaidi huku ukitazama chini.

Usitafute kisanduku, tafuta mawe yaliyopangwa na mtu. Jiwe ambalo kuvu lake limegeukia ardhini, au vijiwe vitatu vimeziba tundu chini ya mzizi, hapo ndipo. Papasa kwa kijiti kwanza, mkono baadaye. Nyoka nao wanapenda matundu. Usichimbe.

Ukikipata, gonga muhuri wake kwenye daftari lako na wako kwenye lake. Beba wino wako, wa ndani ya kisanduku mara nyingi umekauka. Mchezo wenyewe ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, kwa chupa tu ambamo wapitaji waliacha kadi zenye majina yao. Funga vizuri mfuko wenye vitu vya kisanduku, rudisha mawe yalivyokuwa.