Clair Obscur: Expedition 33 kwa aliyezoea gemu za mpira

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nipo Arusha. Tangu chuoni nacheza gemu za mpira tu, kwenye PS4 ya nyumbani. Mdogo wangu alinionyesha vipande vya Clair Obscur: Expedition 33, na tangu siku hiyo muziki wake haunitoki kichwani. Kuna kijana mjini anasema anayo "ya PS4" kwa elfu thelathini, na mwingine ananiwekea kwenye flashi kwa elfu kumi. Nina pia kompyuta mpakato: Core i5, RAM GB 8, kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4, diski ya SSD ya GB 256. Je, itaimudu? Nikitaka kununua kihalali nalipaje, na bando litaliwa kiasi gani? Na mtu wa mpira kama mimi ataweza kweli? Nasikia mapigano yake yanawatoa jasho hata wazoefu.

JIBU: Dada yangu, huyo wa elfu thelathini mkimbie leo. Gemu hii haipo kwa PS4, wala haikuwahi kuwepo. Ilitoka tarehe 24 Aprili 2025 kwa PS5, kwa Xbox Series X na S, na kwa kompyuta za Windows. Atakachokuuzia ni diski ya kitu kingine ndani ya kasha lenye picha nzuri.

Wa flashi anaweza kweli kuwa na gemu yenyewe, na bado nakuomba usimpe hiyo elfu kumi. Nakala za namna hiyo hupita mikono mingi, na si ajabu kubeba programu za kuiba nywila. Wewe kwenye kompyuta hiyo hiyo una barua pepe na pengine maksi za wanafunzi. Pia hutapata masahihisho wala nyongeza, na mwishoni mwa 2025 watengenezaji walitoa nyongeza ya bure yenye eneo jipya la kuchezea. Halafu kuna watu nyuma ya kazi hii. Sandfall Interactive ni studio changa ya Montpellier, kusini mwa Ufaransa, iliyoanzishwa na Guillaume Broche baada ya kuacha kazi Ubisoft, kampuni kubwa ya gemu. Wafanyakazi wake wenyewe walikuwa kama thelathini, wakisaidiwa na mafundi wa nje, na wakatoa kitu kilichochaguliwa mchezo bora wa mwaka 2025 kwenye tuzo za The Game Awards. Muziki huo usiokutoka kichwani ni wa Lorien Testard, na hiyo ndiyo gemu yake ya kwanza kuitungia. Kazi kama hiyo inastahili kulipiwa.

Sasa kompyuta yako. Kiwango cha chini kilichotangazwa ni RAM GB 8, kadi ya picha ya daraja la GTX 1060 yenye GB 6, na nafasi ya GB 55 kwenye SSD. RAM umefika, ila kwa shida. Nafasi utaipata ukisafisha diski. Kadi ndiyo haifiki: GTX 1650 yako ina GB 4 na ipo chini ya daraja hilo. Haimaanishi gemu itakataa kufunguka. Ukishusha ubora wa picha hadi chini kabisa, ukaweka skrini kwenye 1280 kwa 720 au ukawasha ukuzaji wa picha (gemu inachora picha ndogo, kisha inaipanua), inaweza kuchezeka. Ila sitakuahidi, kwa sababu kompyuta mbili zenye kadi ya jina moja hazifanani. Nyingine hupata joto haraka na kupunguza kasi yenyewe.

Kabla ya kuhukumu, fanya mambo mawili yanayosahaulika sana. Chomeka chaja, maana kompyuta nyingi za mkononi hubana kadi ya picha zikiwa kwenye betri. Kisha hakikisha gemu inatumia GTX yenyewe na si ile chipu ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa: ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini (Display), chagua picha (Graphics), weka gemu kwenye utendaji wa juu. Nimeona kompyuta zikilaumiwa bure kwa sababu ya kipengele hiki kimoja. Na kama kuna nafasi wazi ya RAM, kuongeza kipande cha pili cha GB 8 ndiyo pesa yenye faida kuliko zote unayoweza kutumia kwenye mashine hiyo. Hata watengenezaji wanapendekeza GB 16.

Kwa kununua, tumia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Duka la PlayStation halina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi zake, ndiyo maana wenye PS5 huku hufungua akaunti za nchi nyingine. Steam haina usumbufu huo. Fungua akaunti, sema ukweli kwamba upo Tanzania, bei utaiona kwa dola. Gemu ilipotoka ilikuwa dola 49.99, yaani zaidi ya laki moja ya kwetu. Najua mshahara wa mwalimu, kwa hiyo usikimbilie: iweke kwenye orodha ya matamanio, na Steam itakutumia ujumbe bei ikishuka. Mauzo yao makubwa ya punguzo huja kila msimu wa mwaka wa Ulaya. Malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard. Ya benki inafaa ikiwa imeruhusiwa manunuzi ya mtandaoni, na kadi za kidijitali zinazotolewa kupitia pesa za simu nazo hukubali. Acha kiasi kidogo cha ziada kwenye kadi kwa ajili ya makato ya kubadili fedha. Na ukishauriwa kutumia VPN (programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni) ujifanye upo nchi ya bei nafuu, kataa. Ni kinyume cha masharti ya Steam na akaunti inaweza kufungiwa.

Hapa ndipo shaka ya kompyuta inapata dawa. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hujacheza kufikia saa 2. Saa hizo zinahesabu muda wote ambao gemu ipo wazi, hata ukiwa jikoni. Mwanzo wa hadithi ni mji wa Lumière, una mazungumzo mengi na mapigano machache. Rekebisha picha upesi, tembea mjini ukitazama kama inakwamakwama, sogeza hadithi uone vita vya mwanzo, kisha amua. Ikigoma, omba pesa yako bila aibu. Ni utaratibu wa kawaida wa duka.

Kuhusu bando, jiandae kwa makumi ya GB. Kwa bando la simu la siku ni kujiumiza. Tafuta intaneti isiyo na kikomo, pakua usiku, na usiogope umeme ukikatika, maana Steam huendelea pale ilipoishia. Lakini kuna njia watu wengi hawaijui: kama una rafiki aliyenunua gemu hiyo na mnaunganishwa kwenye rauta moja, Steam inaweza kuhamisha mafaili kutoka kompyuta yake kuja kwako bila kugusa bando. Lazima nawe uwe umeinunua kwenye akaunti yako, na yeye aruhusu uhamishaji huo kwa marafiki kwenye mipangilio ya upakuaji. Baada ya hapo ni gemu ya mtu mmoja, na Steam ina hali ya kucheza bila mtandao.

PS4 yako haiendi bure. Chukua padi yake, ichomeke kwa waya, Steam itaitambua. Ni bora mno kuliko kibodi kwa gemu hii.

Sasa swali ambalo naona ndilo lililokusukuma kuandika, la kuweza au kutoweza. Utaweza, na mpira umekuandaa kuliko unavyodhani. Mapigano ni ya zamu. Ikifika zamu yako muda unasimama: unasoma, unachagua shambulio, hata ukitaka kunywa chai kwanza adui atakusubiri. Zamu ya adui ndiyo yenye moto. Kila pigo lake unaweza kulikwepa kwa kitufe cha duara au kulikinga kwa R1, na mengine unayaruka ukiona alama yake. Hapo ndipo wengi wanapotoka jasho, kwa sababu wanabonyeza kwa hofu. Maadui wa gemu hii hunyanyua silaha, hutulia kidogo, ndipo hupiga. Ni kama kipa kwenye penalti: anayeruka mguu wa mpigaji ukiwa bado hewani ameshafungwa. Usibonyeze silaha inaponyanyuka, bonyeza inapokufikia.

Anza na kukwepa. Dirisha lake la muda ni pana, la kukinga ni finyu. Kila utakapokwepa kwa wakati barabara, skrini itaandika "Perfect", na hilo lina maana kubwa kuliko sifa: ungebonyeza R1 wakati huo huo ungekuwa umekinga. Kwa hiyo kwepa adui wa aina moja mpaka neno hilo litokee mara kwa mara, ndipo uhamie kwenye kukinga kwa adui huyo huyo. Thawabu ni kubwa. Kila kinga hukupa pointi ya AP, zile unazolipia mashambulio makubwa, na ukikinga mfululizo mzima wa mapigo, mhusika wako anarudisha pigo zito bila kungoja zamu. Mchezaji mwenye kinga nzuri na silaha dhaifu atafika mbali kuliko mwenye silaha kali asiyejua kukinga. Ndiyo maana nakusihi, siku za mwanzo usizamie kwenye namba na orodha za vifaa, ingawa ndizo zinazojadiliwa zaidi kila mahali. Jifunze mapigo.

Na sikiliza. Mashambulio mengi yana sauti yake kabla ya kutua, na mara nyingi sikio linawahi kuliko jicho. Hapa fundi ndani yangu anakuomba: usitumie hedifoni za Bluetooth. Sauti yake huchelewa kidogo, na kwenye gemu ya mpira hutaona tofauti, lakini hapa kuchelewa huko ndiko kunakokuuza. Tumia za waya. Ukiunganisha kompyuta na runinga kwa HDMI, washa hali ya gemu kwenye runinga yenyewe, vinginevyo picha nayo itachelewa na utajilaumu kwa kosa la kifaa.

Kuna ngazi tatu za ugumu: Story, Expeditioner na Expert. Anza na Story. Makosa yako yanaumiza kidogo, hadithi ni ile ile, na unaweza kubadili wakati wowote ukiona mkono umekaa. Kwenye mipangilio kuna pia chaguo la kufanya vitufe vya wakati wa kushambulia vijibonyeze vyenyewe; liwashe mwanzoni ili akili yako yote iende kwenye kujikinga.

Mazoezi yafanyie kwenye eneo la kwanza la nje ya mji, Spring Meadows. Ukipumzika kwenye bendera ya safari, dawa zako zinajazwa na maadui wadogo wanarudi, kwa hiyo una uwanja wa mazoezi usioisha. Mtihani wako wa kwanza wa kweli ni bosi wa mwisho wa eneo hilo, Evêque.

Vifaa viitwavyo Picto vitakuchanganya, basi shika hili tu kwa sasa: kila mhusika anavaa vitatu, na ukishinda vita 4 ukiwa umevaa kimoja, uwezo wake unabaki kwenu kama Lumina ambayo mhusika yeyote anaweza kuiwasha kwa pointi bila kukivaa tena. Badilisha Picto mara kwa mara ili ujifunze nyingi. Inayoitwa Dodger, inayokupa AP ukikwepa barabara, ikishakuwa Lumina iwashe kwa kila mtu. Pointi za sifa za mhusika, kama wepesi na bahati, ziweke kwa kufuata herufi zilizoandikwa kwenye silaha yako, zinazoonyesha ni sifa zipi zinaikuza. Ukikosea, kuna kifaa kiitwacho Recoat cha kuzipanga upya.

Kiswahili hakimo kwenye gemu. Sauti ni za Kiingereza au Kifaransa, na maandishi chini ya skrini ni ya lugha kadhaa. Wasomaji wetu wa Bukavu na Bujumbura waliokua na Kifaransa wawashe Kifaransa, kinakaa vizuri na majina yote ya humo. Kiwango chake cha umri Ulaya ni PEGI 18. Kisa kinaanza na mji ambao kila mwaka watu wa umri fulani hufutika mbele ya wapendwa wao, kwa hiyo cheza watoto wakiwa wamelala.

Na ukiwa bado Spring Meadows, pembeni ya njia utakutana na adui wa aina ya Lancelier mkubwa kuliko wenzake, anayeitwa Chromatic Lancelier. Si wa lazima. Mpite, endelea na safari, umrudie ngazi zako zikishapanda.