Treki ya farasi inatembewa kwa miguu

Kuna kijana alinipigia simu juzi, amepata kazi ya kusimamia nyasi kwenye uwanja wa mbio za farasi, na swali lake la kwanza likawa anunue mashine gani. Nikamwambia mashine ngoja kwanza, kesho saa kumi na mbili asubuhi uizunguke treki yote kwa miguu, pole pole, halafu unipigie tena. Naona jibu halikumfurahisha. Basi nimeamua kuandika hapa kwa urefu manake kwa simu nisingemaliza, na najua wako wengi wanaanza hii kazi bila mtu wa kuwaelekeza, unaonyeshwa trekta, unaonyeshwa mpira wa maji, unaambiwa Jumapili kuna mbio.

Mimi nilianzia chini kabisa, kibarua wa kufukia mashimo ya kwato, baadaye nikapewa trekta, nikaenda Ghuba miaka minne kwenye treki za mchanga, nikarudi nyumbani nikawa msimamizi. Hapa Kenya huu mchezo ni wa zamani, pale Ngong Road Nairobi farasi wanakimbia toka 1954, lakini ukitafuta watu wanaojua kutunza ardhi ya farasi utawahesabu kwa vidole, na wengi wao ni wazee wanaostaafu.

Sikiliza basi. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500. Akichanganya anapita kilomita 60 kwa saa, na katika kila hatua kuna wakati uzito wote uko juu ya mguu mmoja tu, na kwa ile spidi huo mguu unabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wake. Hiyo ni zaidi ya tani moja kwenye mguu ambao pale chini juu ya kwato ni mwembamba kushinda unavyodhani. Watu wanabishana treki iwe ngumu ama iwe laini. Mimi nasema treki ikiwa ngumu kiasi, lakini iwe ngumu hivohivo kutoka kwenye geti mpaka mstari wa mwisho, farasi atajipanga. Ikiwa laini yote pia atajipanga, atapunguza mwendo kidogo basi. Kinachomvunja ni kukanyaga hatua kumi kwenye ardhi ya aina moja halafu ya kumi na moja akakuta ardhi nyingine, mguu ulishajiandaa, hauna nafasi ya kubadilisha.

Hili nililiona kwa macho yangu. Uwanja sitautaja. Nilikua na mwaka mmoja tu kwenye usimamizi na nilikua nakagua treki nikiwa kwenye pikapu, dirisha wazi, natazama nyasi zilivyo kijani naridhika. Kumbe bomba la sprinkla chini ya kona ya mwisho lilikua linavuja, sehemu ndogo tu, kama mita nne kwa tatu. Kwa juu nyasi za pale zilikua zimestawi kuliko pengine pote, hata wageni nilikua nawaonyesha. Mbio ya tatu siku hiyo, jike mmoja wa miaka mitatu aliingia kona akiwa wa pili, mguu wa nyuma ukazama palepale, akateleza akaangukia bega, joki, yaani mpanda farasi, akarushwa akavunjika mtulinga. Farasi aliinuka mwenyewe, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakukimbia tena maisha yake. Saisi wake, yule anayemtunza, alikua amemshika kichwa anamwongelesha kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama kando yao buti yangu imezama kwenye tope mpaka kwenye fundo. Ningepita hapo kwa miguu asubuhi ile ningejua.

Tangu siku hiyo sijawahi kukagua treki kwa gari.

Ukitembea tembea na fimbo. Wazee wa Uingereza walikua wanatumia bakora ya kawaida, anaichoma ardhini anasikia kwa mkono, na ukishazoea mkono haudanganyi, ila mkono wa mtu mmoja hauwezi kuandikwa kwenye daftari akasoma mwingine. Ndo maana Wafaransa wakawa na penetromita, kichuma chembamba kinachosukumwa ardhini na uzito wa kilo 1 unaoangushwa kutoka juu mita 1, unaangusha mara tatu mahali pamoja unasoma kimezama sentimita ngapi. Mtu anayejua kuchomelea vizuri anaweza kukutengenezea. Mimi napima kila mita 200, mara mbili kila kituo, moja mita mbili kutoka reli ya ndani, yaani ule uzio wa upande wa ndani wa treki, na nyingine katikati ya treki. Ile namba yenyewe isikusumbue sana mwanzoni, tazama tofauti kati ya kituo na kituo. Ukiona vituo vyote vinasoma sawasawa halafu kimoja kimezama sentimita moja na nusu zaidi, weka fimbo chini uanze kuchimba utafute sababu kabla hujanywa chai.

Na mara nyingi sababu ni maji. Watu wanafungua sprinkla wanaamini maji yanaenda sawa kila mahali, hayaendi, upepo unayasukuma, nozo moja imeziba, presha mwisho wa laini ni ndogo kuliko mwanzo. Chukua makopo ya bati ya saizi moja, yapange mstari kila baada ya mita tatu, fungua maji nusu saa, halafu pita na rula upime kila kopo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kopo moja lilikua na milimita 11 na la jirani yake 4. Fikiria hiyo kwa msimu mzima! Na usicheze na hesabu ya maji, treki ya urefu wa mita 2,000 na upana wa mita 20 ni mita za mraba 40,000, ukitaka kuipa milimita 10 tu unahitaji lita 400,000, sa jiulize kisima chako kinatoa ngapi kwa saa na umeme wa pampu nani analipa, haya mambo uyaongee na bosi mapema kabla ya kiangazi, msije mkaanza kutafutana nyasi zikiwa zimeshakauka. Mimi nikiwa na mbio Jumapili namwagilia maji mengi usiku wa Jumatano na Alhamisi ili maji yashuke kwenye mizizi, Ijumaa naziba penye upungufu, Jumamosi naacha labda jua liwe kali sana. Maji ya asubuhi ya mbio yanabaki juu juu na hapo ndo farasi wanateleza.

Kitu kingine watu hawaelewi ni kona. Kona nyingi zimeinama kwenda ndani, hivo maji ya mvua yanateremkia kwenye reli ya ndani, na majoki nao wanapenda reli ya ndani sababu ndo njia fupi. Kwa hiyo sehemu inayolowa zaidi ndo inakanyagwa zaidi. Dawa yake ni kusogeza reli. Unaisogeza mita 3, mbio zinazofuata mita 6, zinazofuata 9, ile nyasi ya ndani inapumzika, halafu unarudi mwanzo. Ila ukisogeza kumbuka umbali umebadilika, kwenye kona moja ya nusu duara reli ya mita 6 inaongeza karibu mita 19, kwa hiyo geti la kuanzia nalo lisogezwe na watu waambiwe wazi.

Nyasi sasa. Huku nyanda za juu hatuna haja ya kutafuta mbali, nyasi zetu za kikuyu ni za hapahapa na zimesafiri dunia nzima, hata Randwick pale Sydney farasi wanakimbia juu ya kikuyu. Inatambaa, inajishona yenyewe, ukiifukia vizuri inaziba shimo bila mbegu. Lakini ina tabia mbili ambazo lazima uzijue. Ya kwanza, inajenga godoro, ile mikono yake iliyokufa inalaliana mwaka baada ya mwaka mpaka mizizi mipya inakaa ndani ya godoro badala ya kushuka kwenye udongo, ukikanyaga unasikia inabonyea vizuri kama zulia la kifahari na wageni wanasifu, kumbe siku farasi akikata kona godoro lote linahama na yeye. Chana nyasi kwa mashine ya visu vya wima mwanzoni mwa mvua, itaonekana mbaya wiki tatu nne, watakulalamikia, vumilia. Ya pili, baridi ya Juni na Julai inailaza. Shimo la Aprili linaziba lenyewe, shimo la Julai litakaa hapo linakusubiri. Kwa hiyo ile sehemu nzuri ya nyasi uliyoifungia na reli, iweke akiba kwa miezi hiyo.

Kufukia mashimo ndo kazi iliyonilea kwa hiyo naomba niiseme taratibu. Mbio zikiisha tu, msisubiri kesho, mnajipanga mstari kutoka reli mpaka reli, kila mtu na ndoo na uma, mnatembea pamoja. Kwato ya farasi aliyekua kasini inaingia kwa ncha halafu inarusha nyuma, kwa hiyo shimo limeinama, mbele kina kirefu, nyuma kuna kipande cha nyasi kimening'inia. Usikitupe hicho kipande! Kirudishe na uma, kikanyage kwa kisigino, kama mizizi bado imeshika kesho kutwa huoni kitu. Penye kipande kimeruka kabisa, choma kwanza chini ya shimo na uma ulegeze ile ardhi iliyogandamizwa, halafu jaza mchanganyiko wa mchanga na udongo wa palepale, usiweke mchanga mtupu manake ukikauka unakimbia na ukilowa unakua tofauti na jirani zake. Jaza mpaka usawa wa udongo, nyasi zilizosimama pembeni zifunike, usiweke kilima. Nimeona watu wanajaza kilima wakidhani ni bidii.

Na hawa watu wa ndoo walipe vizuri na uwaite majina yao. Viwanja vingi vinanunua trekta jipya huku vibarua wanadaiwa siku zao, inaniuma sana hiyo, manake shimo lililofukiwa na mtu mwenye hasira halitofautiani na ambalo halijafukiwa.

Mchanga wa Ghuba nitaupitia haraka. Kule uso wa treki ni tabaka la sentimita 8 hadi 10 juu ya msingi mgumu, unalikoroga na haro, lile reki kubwa la meno linalovutwa na trekta, unapita na lori la maji, na kila siku unachoma rula kupima kama tabaka bado lina kina kilekile, sababu mchanga unahamahama. Wengi waliamini uso wa kutengenezwa kiwandani utamaliza haya matatizo, Meydan ya Dubai ilifunguliwa 2010 ikiwa na uso wa namna hiyo unaitwa Tapeta, na 2014 wakaung'oa wakaweka mchanga na udongo. Kila uso una kazi yake.

Mvua ikija, treki ya mchanga inafungwa, yaani inagandamizwa na kulainishwa juu ili maji yakimbie, ikikauka inafunguliwa tena na haro. Fanya hivo lakini kwa kiasi, na ukishafungua pima upya kila mahali. Santa Anita kule California, kati ya mwisho wa Desemba 2018 na mwisho wa Machi 2019, walikufa farasi zaidi ya 20 katika msimu wa mvua nyingi, mpaka uwanja ukafungwa mwezi wa tatu wachunguze ardhi. Sababu zilizotajwa baadaye zilikua nyingi, za farasi wenyewe na za maamuzi ya watu. Kwangu hilo la maamuzi ndo zito. Itafika Jumapili mvua imenyesha usiku, wenye farasi wameshalipa, familia zimekuja na vikapu vya chakula, watu wameshaweka pesa, na wewe ndo mwenye fimbo mkononi. Chukua majoki wawili na stiwadi mmoja, yaani afisa anayesimamia sheria za mbio, mtembee pamoja kona zote, wakanyage wenyewe, halafu sema ulichopima vilevile kilivyo. Kama ni laini andika laini, usiandike nzuri ili watu wasitoe farasi wao. Kama kona moja haifai, mbio zisikimbiwe.

Karibu nisahau fuko. Huku kwetu huyu mnyama anaweza kukuharibia kazi ya mwaka mzima, anachimba njia chini ya nyasi, juu huoni kitu mpaka kwato itoboe. Mama mmoja tuliyekua naye kwenye mstari wa ndoo, alikua mkubwa kuliko sisi wote kwa umri, ndiye alinifundisha kumtambua. Alikua anakataa gumboot hata kwenye umande, anavaa raba za plastiki zilizoisha soli, tunamcheka, siku moja tukiwa kwenye alama ya mita 600 akasimama akaniita, "Mwanangu, vua hivyo viatu njoo ukanyage hapa." Nikavua, nikakanyaga. Ardhi ilikua na mlio tofauti kidogo, kama kukanyaga juu ya boksi, na baridi yake pia ilikua tofauti. Tukachimba tukakuta njia ya fuko ya urefu wa mita tano imekatiza treki. Mpaka leo asubuhi ya mbio naacha buti kwenye gari, naitembea kona ya mwisho na raba zilizoisha soli.