Uliza Tarehe Kabla ya Kuuliza Kiasi

Vijana wanaoingia kitengo cha hazina, kile kinachosimamia pesa za kampuni zinazoingia na kutoka, huniuliza wajifunze nini kwanza kwenye Excel. Huwaambia waende wakaketi na watu wa ununuzi. Nimeongoza mipango na uchambuzi wa fedha upande wa hazina katika kampuni kubwa ya umeme hapa Kenya, na ninavyoona, ugumu wa kazi hii uko kwenye tarehe. Kiasi tunakijua karibu wote. Kinachotunyima usingizi ni siku pesa itakapoingia na siku itakapotoka.

Tazama mapato. Mteja wa tokeni analipa kwa simu kabla hajawasha hata taa. Kiwanda kinapelekewa bili baada ya kutumia, kisha kinalipa kwa muda wake. Ofisi za umma mara nyingi zinangoja mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, na malimbikizo yake huanza kusogea mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa, 30 Juni. Kwenye vitabu vya uhasibu yote hayo ni mauzo, tena yanapendeza. Ukiyaweka katika mstari mmoja wa makadirio umejidanganya mwenyewe.

Upande wa matumizi ndio mkali zaidi. Mikataba na wazalishaji binafsi ina malipo ya uwezo wa mtambo: mtambo ukiwa tayari kuzalisha, unaulipia, uwe umechukua umeme wake au hukuchukua. Sehemu kubwa ya malipo hayo ni dola au yuro, ilhali mwananchi ananunua tokeni kwa shilingi. Januari 2024 dola ilivuka shilingi 160. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imerudi karibu 130. Chukua ankara ya dola milioni 20. Kwa 130 ni shilingi bilioni 2.6, kwa 160 ni bilioni 3.2. Milioni 600 hizo zimetoka bila mtu yeyote kukosea hesabu. Ni kweli bili ya umeme ina kipengele cha kufidia mabadiliko ya sarafu, lakini mteja hutozwa baadaye, na mzalishaji anataka chake sasa. Mtu wa hazina anaishi katika mwanya huo.

Riba nayo usiisahau. Viwango vya Marekani vilipanda kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Kwa mkopo wa dola milioni 100 wenye riba inayobadilika, kila asilimia moja ni dola milioni moja kwa mwaka.

Kila Jumatatu asubuhi mimi hutaka makadirio ya pesa zitakazoingia na kutoka katika wiki 13 zijazo, na kando yake yale ya wiki iliyopita, yasiyoguswa. Tunapitia mstari kwa mstari: tulisema Jumatano, imeingia lini? Wageni hukiogopa kikao hiki wakidhani natafuta wa kulaumiwa. Wakati mmoja shehena ya transfoma ilitia nanga Mombasa mapema kuliko ratiba, na ushuru wake haukuwa popote kwenye jedwali la wiki hiyo. Mchambuzi mmoja alikuwa na mazoea ya kupigia simu watu wetu wa bandarini, basi akajua kabla karatasi hazijatufikia. Akaniuliza, "Bosi, pesa hii tutaitoa wapi?" Tuliomba wauzaji wawili wangoje siku chache, wakakubali. Baadaye nilimkabidhi yeye mazungumzo na mabenki, ingawa kulikuwa na wenye vyeti vingi kumzidi.

Ukienda mbele ya bodi, acha rangi na majedwali marefu. Sisi watu wa fedha tunayapenda kupita kiasi. Waambie ni wiki ipi akaunti itafika chini kabisa, malipo gani yanaweza kusogezwa, na benki ipi imekubali kwa maandishi kutukopesha wiki hiyo. Ahadi ya mdomo ya meneja wa benki, hata kama mlisoma darasa moja, usiiweke kwenye jedwali.