Maswali ya wasomaji: Akili inajua, mkono hauanzi

SWALI: Shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34. Kazi yangu inasifiwa lakini wateja wananikimbia kwa sababu ya tarehe. Napokea kitambaa, nakikata, kisha kinakaa. Naanza kingine. Ikikaribia Idi au Krismasi nakesha nikishona huku nalia. Dada yangu anasema hii ni ADHD, ile hali ya ubongo ya kukosa umakini na kutotulia. Mtu mzima anaweza kuwa nayo, au ni uvivu wangu tu? Na nifanyeje na kazi?
— Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole sana. Tuanze na uvivu: mvivu hakeshi akishona na machozi. Unachoeleza ni kitu kingine. Unajua la kufanya, unalitaka, na mkono hauanzi mpaka moto uwake.

Mtu mzima anaweza kuwa na ADHD, ila haianzi ukubwani. Mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa afya ya akili cha Marekani, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, ziwepo katika mazingira zaidi ya moja (si dukani tu, hata nyumbani), na ziwe zimedumu angalau miezi 6. Kwa mwenye miaka 17 na zaidi huhitajika dalili 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na pupa, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Kwa hiyo muulize mama au shangazi aliyekulea ulikuwaje darasa la tatu. Ripoti za shule zenye maneno kama “ana uwezo ila hatulii” ni ushahidi mzuri. Nenda nazo hospitali.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la watu wazima liitwalo ASRS, lenye maswali 18. Yale 6 ya mwanzo ni chujio: ukiangukia upande wa dalili katika 4 au zaidi, nenda ukapimwe. Dodoso halithibitishi ugonjwa. Kukosa usingizi, kukoroma kwa kukatika pumzi, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na pombe vyote huvuruga umakini, na daktari ataviangalia kwanza. Kwa ulipo, Hospitali ya Mirembe, Dodoma, au idara ya afya ya akili ya Muhimbili ni mahali sahihi pa kuuliza.

Sasa kazi. Kilicho mbele ya macho, kipya au cha dharura ndicho kinachokusukuma. Tarehe ya wiki tatu zijazo haina nguvu hiyo, ndiyo maana Idi inakuamsha na daftari halikuamshi. Dawa ya hapa ni kuleta tarehe karibu na cherehani.

Funga waya usawa wa macho, mbele ya mashine, utie ndoano tatu. Kila nguo iliyokatwa iingie kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, pamoja na uzi wake, vifungo na karatasi ya jina na tarehe, kisha itundikwe. Ndoano zikijaa, hakuna kukata. Mteja mpya anapimwa, anaandikwa, kitambaa kinangoja rafuni. Sheria hii itakuuma, maana kukata ndiko kunakokupa raha na kumalizia ndiko kunakokuchosha. Lakini ukiendelea kusukumia vipande kwenye kiroba chini ya meza umevipoteza: kwako, kisichoonekana hakipo.

Kwa wiki moja andika kwa chaki saa ya kuanza na ya kumaliza kila nguo. Utashangaa. Gauni ulilodhani ni la saa 3 linakula 5, kwa sababu hukuhesabu pindo, vifungo na pasi. Chukua muda halisi, uongeze nusu yake, ndipo utaje tarehe.

Usijidanganye kwa kuandika tarehe ya uongo iliyo mapema zaidi. Utajua ni ya uongo na haitakusukuma. Weka miadi ya kweli: mteja aje kujaribisha siku ya tano, na siku hiyohiyo alipe sehemu ya pili ya fedha. Mtu anayekuja na fedha mkononi ni dharura halali, na imekuja mapema kuliko mkesha wa sikukuu.

Jioni kabla ya kufunga, tia uzi wa rangi inayotakiwa na uache kitambaa chini ya mguu wa mashine, mahali pa mshono unaofuata. Asubuhi kazi ianze kwa kukanyaga tu, bila kuamua lolote. Kengele ya simu ikae upande wa pili wa chumba. Iliyo karibu na mkono utaizima bila kuacha unachofanya.

Baada ya wiki tatu hivi mpango huu utakuchosha na utaanza kuuruka. Huwatokea wengi wenye hali hii, kwa sababu upya wake umekwisha. Usibuni mpango mwingine mzima. Badilisha rangi za karatasi, hamisha waya ukuta mwingine, na yote yakikushinda shika ndoano tatu peke yake.

SWALI: Niko ofisini, nimethibitishwa kuwa na ADHD. Nimwambie bosi?
— Msomaji, Nairobi

JIBU: Si lazima uanze na jina la ugonjwa. Anza na unachohitaji: maagizo yaje kwa maandishi, kazi ya mwezi iwe na tarehe za katikati, dawati lisikae mkabala na mlango. Meneja wengi hukubali hayo bila kuuliza sababu. Kila mkutano ukiisha, kabla hujainuka kitini, tuma ujumbe: “Nimeelewa naleta ripoti Alhamisi saa 6.” Kwa kazi usiyoipenda, mwombe mwenzako mkae pamoja kila mtu na yake kwa dakika 30, uwepo wa mtu hushikilia umakini. Jina la ugonjwa lilete unapotaka kitu kikubwa, kama kubadilishiwa saa za kazi, na hapo uende na barua ya daktari.

SWALI: Mume wangu husahau kodi, umeme, hata kumchukua mtoto. Nimechoka kumkumbusha.
— Mama wa wawili, Kigoma

JIBU: Acha kuwa kengele yake, dada, inakuchosha wewe na inamtia aibu yeye. Mpe kazi mbili tu azimiliki mwanzo hadi mwisho. Fedha ya kodi itoke kwenye akaunti au simu siku mshahara unapoingia, si siku kodi inapodaiwa. Suala la mtoto lisiwe jaribio: mpaka awe na utaratibu uliothibitika, awepo mtu wa pili anayejua saa ya kumchukua.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimeandikiwa methilfenidati, dawa ya ADHD. Jioni hutafuna miraa na wenzangu, na Ramadhani inakaribia. Nifanyeje?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Usichanganye. Kathinoni iliyo kwenye miraa ni ndugu wa amfetamini, na dawa yako nayo inachangamsha mwili: vyote hupandisha mapigo ya moyo na presha, vyote huiba usingizi. Tena miraa huficha picha, na daktari hawezi kujua dozi inafanya kazi au la. Mweleze ukweli wote, hata kama una haya.

Kidonge cha muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 3 hadi 4, ndiyo maana hunywewa mara mbili au tatu mchana, jambo lisilowezekana ukiwa umefunga. Usirundike dozi za mchana wakati wa futari, hutalala. Kabla mwezi haujaandama, muulize daktari kama aina ya muda mrefu, inayonywewa mara moja wakati wa daku, inakufaa. Dawa hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo kula kwanza, kisha meza. Presha, mapigo na uzito vipimwe kabla ya kuanza na kila dozi inapobadilishwa.

Ukibadilishiwa ukapewa atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, usiiache siku ya tano ukisema haifanyi kitu: nguvu yake kamili huchukua wiki 4 hadi 6 au zaidi. Na kwa dawa yoyote kati ya hizi, ukipata maumivu ya kifua, ukizimia au moyo ukienda mbio bila sababu, usinywe dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.